Sadaka za utafiti wa usonji (autism): kuna anayejua zinaishia wapi?

#1 MamaZubeda_Kuze
Salaam alaikum nyote.

Jana baada ya Asri walikuja vijana wawili mlangoni, wamevaa fulana za buluu, wanauza tikiti za matembezi ya mwezi wa nne. Tikiti moja elfu mbili. Nikauliza pesa ni za nini, nikaambiwa "utafiti wa usonji kwa watoto." Nikauliza ni utafiti gani, unafanywa wapi na nani. Wakatazamana. Wana adabu zao watoto wa watu, wala sikuwalaumu, wametumwa tu.

Mwanangu wa pili ana miaka sita na hasemi. Akitaka maji hunishika kidole akanivuta mpaka jikoni. Tangu mwaka juzi nampeleka kwa thirapisti wa kusema upande wa Nyali, elfu mbili na mia tano kwa dakika arubaini na tano, na tuktuk ya kwenda na kurudi juu yake. Nilianza kila wiki. Sasa ni mara moja kwa mwezi, na mwezi wa Ramadhani hatukwenda kabisa. Kwa hivyo tikiti ile mimi naihesabu kwa vikao: ni karibu kikao kizima cha mwanangu.

Nauliza kwa moyo safi. Nasikia nchi za nje watu hutoa mamilioni ya dola kuchunguza usonji. Wanatafuta nini hasa? Na je, imewahi kutoka hata senti moja ikamfikia mtoto wa Mombasa? Anayejua anifundishe. Tikiti nimewaambia wanirudie Jumamosi.

#2 Nahodha_Likoni
Mwaka jana nilinunua mbili, yangu na ya mke wangu. Tulitembea mpaka Makadara, tukapewa maji na kofia. Sikufikiria kuuliza ulivyouliza wewe. Ngoja nikae hapa nisome.

#3 KaratasiZaKilifi
Mama Zubeda, nusu ya swali lako naiweza. Nilifanya kazi ya nyanjani Kilifi miaka kadhaa, ile ya kwenda nyumba kwa nyumba na fomu kwapani. Ndiyo asili ya jina langu hapa.

Kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust pale Kilifi kipo tangu 1989. Wellcome ni mfuko wa hisani wa Uingereza uliotokana na wasia wa Henry Wellcome, tajiri wa dawa aliyefariki 1936. Yaani mali ya mtu aliyekufa zamani hizo ndiyo inayolipa utafiti kilomita sitini hivi kutoka hapo Kuze. Mwanzo kazi kubwa ilikuwa malaria. Lakini watoto waliopona malaria ya ubongo walirudi nyumbani na shida nyingine, kifafa, kuchelewa kusema, kusahau, na hapo watafiti wakalazimika kujifunza kupima ukuaji wa akili ya mtoto. Huwezi kumpima mtoto wa Ganze kwa picha za vitu asivyoviona maisha yake yote. Wakatunga kipimo cha huku huku, kinaitwa kipimo cha ukuaji cha Kilifi, na katika waliokitunga yumo Profesa Amina Abubakar.

Sasa usonji. Upo mradi mkubwa unaoitwa NeuroDev, unafanyika Kilifi na Cape Town. Mpango wake ni zaidi ya watu 5,600: watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo, watoto wasio nayo, na wazazi. Fungu la pesa limetoka kituo cha Stanley kule Massachusetts, Marekani. Huyo Ted Stanley alikuwa mfanyabiashara, mwanawe alipata maradhi ya akili akiwa chuoni, akatibiwa akapata nafuu. Mwaka 2014 ikatangazwa kwamba ametoa dola milioni 650 kwa utafiti wa maradhi ya akili.

Wanatafuta nini? Jeni, yaani chembe za urithi. Mwaka 2020 ulitoka utafiti wa watu zaidi ya 35,000 ukataja jeni 102 zinazohusiana na usonji. Ila wengi wa watu hao asili yao ni Ulaya. Daktari akikuta sehemu fulani imebadilika kwenye jeni ya mtoto wa Kiafrika, hajui kama ndiyo shida au ni tofauti ya kawaida tu ambayo Waafrika wengi wanayo na wazima wa afya. Bila watoto wa huku kuhesabiwa, kipimo chochote kitakachokuja kitakuwa butu kwetu.

Kwa hivyo ndiyo, senti imefika pwani. Kama imemfikia mtoto ni swali lingine.

#4 MkweziMnazi
Karatasi, milioni 650 za dola na wewe ulikuwa ukienda kwa miguu?

#5 KaratasiZaKilifi
Kwa bodaboda na miguu, mvua ikinyesha ni miguu tu 😄 Lakini nisahihishe kabla haijasambaa: hizo 650 si za Kilifi, wala si za usonji peke yake. Ni za kituo kizima, na sehemu kubwa ni skizofrenia na maradhi mengine ya akili. Sisi tulipata tone, na serikali ya Marekani nayo ilichangia mradi huo.

#6 Mwalimu_Tononoka
Nafundisha watoto wa mahitaji maalumu mwaka wa kumi na tisa huu. Niwape historia ambayo haisemwi. Vituo vya serikali vya kupima watoto kabla hawajapelekwa shule maalumu vilianza 1984 kwa hisani ya Wadenmark. Walileta magari, mafunzo, vifaa. Vituo vile vingali vipo nchi nzima na mpaka leo mzazi akija na mtoto asiyesema, ndipo tunapomtuma kwanza. Hiyo ni pesa iliyojenga kitu ukakiona kwa macho.

Darasa langu lina watoto kumi na tatu, tisa wana usonji. Tuko walimu wawili na msaidizi mmoja tunayemlipa wazazi na sisi. Utafiti siupingi. Lakini nikipewa kuchagua kati ya jeni 102 na msaidizi wa pili, naomba msaidizi.

#7 Jamaa_wa_Bara
Mwalimu, heshima, ila hao Wadenmark walikuwa Danida, shirika lao la misaada, nayo si hisani. Ni serikali ya Denmark, kodi za raia wao. Tofauti ipo: kodi ina bajeti na bunge la kuuliza, sadaka ya tajiri hufuata moyo wa tajiri.

Na hapo ndipo ninapoona jibu la Mama Zubeda. Ukitazama pesa za hisani za usonji, karibu zote zimeanzia nyumbani kwa mtu mwenye mtoto. Autism Speaks ya Marekani ilianzishwa 2005 na babu na bibi, Bob na Suzanne Wright, kwa sababu ya mjukuu wao. Autistica ya Uingereza ilianzishwa 2004 na Stephanie Shirley kwa sababu ya mwanawe Giles. Mtu mwenye mali akiumwa na swali "kwa nini mwanangu?", pesa zake zinaenda kutafuta kwa nini. Mwenye kuumwa na "mwanangu atakula nini nikifa" hana mali ya kuanzisha mfuko.

#8 Ukweli_Mchungu
Mnazunguka mbuyu. Kila mzazi anajua: mtoto alikuwa mzima, akadungwa sindano ya surua, akanyamaza. Utafiti hauwezi kusema kwa sababu wanaoulipia ndio wenye chanjo.

#9 Dada_Muuguzi
Ukweli, kaka yangu, nimechoma chanjo miaka thelathini na moja kabla sijastaafu, kwa hivyo nakujibu kwa upole na kwa kirefu.

Maneno haya yana tarehe. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield na wenzake walichapisha karatasi Uingereza kuhusu watoto 12. Kumi na wawili tu. Baadaye ikaonekana kazi ile haikuwa safi, jarida likaifuta 2010, na mwaka huo huo akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Wakati huo Wadenmark walikuwa wameshafuatilia watoto zaidi ya laki tano, na 2019 wakatoa matokeo ya watoto 657,461. Waliochanjwa surua hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Lile ulilosema kila mzazi anajua lina sababu: umri wa chanjo ile ya surua na umri ambao dalili za usonji huanza kuonekana wazi ni mmoja, mwaka na kitu. Vitu viwili vimepitana mlangoni, ukadhani mmoja kamleta mwenzake.

Na hapa linaingia swali la Mama Zubeda la pesa. Jambo hili limekula fedha za sadaka miaka na miaka. Yupo mama wa Marekani, Alison Singer, alikuwa kiongozi ndani ya Autism Speaks. Mwaka 2009 alijiuzulu kwa sababu aliona swali la chanjo limeshajibiwa na kuendelea kuliuliza ni kuwanyima watoto majibu mengine. Akaanzisha mfuko wake wa utafiti. Kila shilingi inayorudi kuchimba shimo lililokwisha chimbwa haina kazi pengine.

Mimi nimeona surua ikiua wodini. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

#10 Ukweli_Mchungu
Nimekusikia dada. Na ile habari ya Panadol kwa mama mjamzito kuleta usonji, aliyosema rais wa Marekani mwaka jana 2025?

#11 Dada_Muuguzi
Wasweden walitoa matokeo 2024 ya watoto karibu milioni mbili na nusu. Walipolinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja mama alimeza dawa hiyo akiwa na mimba yake na mwingine hakumeza, tofauti haikuonekana. Mama mwenye homa kali asiachwe aungue kwa hofu ya tangazo. Aulize kliniki.

#12 Baba_Pacha
Nafanya kazi bandarini, nakaa Changamwe. Nina pacha, wa kike na wa kiume, miaka mitano. Wa kike anasema mpaka unamwomba anyamaze. Wa kiume hana neno. Walizaliwa saa moja, wakachanjwa siku moja, wakanyonya ziwa moja. Ukweli_Mchungu, kama ni sindano mbona mmoja?

Nilivyoteseka mimi si utafiti, ni watu. Upande wangu walisema mke wangu alipita chini ya mbuyu magharibi akiwa na mimba. Upande wake wakasema ni kwa sababu mimi na yeye ni watoto wa ndugu. Tulikwenda kwa mganga, tukachinja mbuzi wawili kwa nyakati tofauti, tukavalishwa hirizi. Mwaka mzima na nusu umepita hivyo. Mtoto alikuwa na miaka miwili wakati ule, na sasa naambiwa umri huo ndio ungekuwa mzuri kuanza kumfundisha. Hilo linaniuma kuliko mbuzi.

#13 KaratasiZaKilifi
Pole sana ndugu. Hujui ni wazazi wangapi wamesimulia hivyo hivyo. Upo utafiti uliochapishwa 2015, ulifanywa na Joseph Gona na wenzake huku kwetu, Kilifi na Mombasa. Waliketi na wazazi, walimu, wahudumu wa afya, Waislamu, Wakristo na wa dini ya jadi, wakawauliza tu: nyinyi mnaona usonji unatokana na nini, na mnautibu vipi? Majibu yakawa majini, uchawi, laana, na upande wa pili maambukizo, matatizo wakati wa kujifungua, kurithi. Na matibabu waliyoyataja yalikuwa ya hospitali na ya mganga pia.

Utafiti wa namna ile hauhitaji maabara. Ni watu, kiti na daftari. Na kwa maoni yangu ndio uliokuwa na faida ya karibu, maana huwezi kumwambia mzazi aje kliniki mapema kama hujui kwanza anapita wapi.

#14 Dada_Muuguzi
Baba Pacha, mpe mkeo salamu zangu na umwambie hana kosa. Wanawake wamesingiziwa kila mahali. Daktari aitwaye Leo Kanner alipoandika kuhusu watoto 11 wenye usonji kule Marekani mwaka 1943, haikupita muda wakaanza kusema tatizo ni mama baridi asiyempenda mtoto. Madaktari wasomi kabisa! Wazazi wakabebeshwa aibu hiyo miaka ishirini na zaidi. Aliyepinga kwa nguvu ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, akatoa kitabu 1964 kusema hili ni jambo la mwili.

Halafu 1977 Uingereza wakachunguza pacha, jozi 21. Wale wa yai moja, jozi 11, katika jozi nne wote wawili walikuwa na usonji. Wale wa mayai mawili kama wako, jozi 10, hakuna hata moja ambayo wote wawili walikuwa nao. Tangu hapo ndipo jeni ikaaminika. Pacha wako ni wa mayai mawili, ni ndugu kama ndugu wengine, wamekaa tumbo moja tu. Haishangazi mmoja awe nao na mwenzake asiwe nao.

Kuhusu ndoa ya jamaa: ni kweli baadhi ya maradhi ya kurithi huongezeka mtu na binamuye wakioana. Lakini mtoto mmoja hakupi ushahidi wa kuwahukumu wazazi wake, na wengi wenye watoto wa usonji hawana udugu wowote.

Utafiti huo wa pacha ndio uliomtoa mama kizimbani, Mama Zubeda. Hiyo nayo ni faida, hata kama haimfundishi mtoto kusema "maji".

#15 Binti_Tanga
Jirani zenu wa Tanga tunawasoma. Karatasi umegusa malaria: Tanzania nako kulichapishwa 2006 utafiti mdogo, watoto wachache tu, na baadhi yao dalili za usonji zilianza baada ya malaria kali. Wachache mno kujenga nyumba juu yake, lakini ni swali ambalo mtafiti wa New York hawezi kulifikiria akiwa kwake. Nani atalilipia kama si sisi?

Halafu nyinyi mna "mbatata za karai" huko? Mpwa wangu mwenye usonji hali kitu isipokuwa viazi karai, tena viwe vya rangi ile ile ya njano. Vikiwa vyeupe anavirudisha.

#16 MamaZubeda_Kuze
Wangu ni mahamri, na lazima yawe na pembe tatu. La mviringo halipandi mdomoni. Nimemaliza unga mwaka huu 😊

#17 Nahodha_Likoni
Jirani yetu kijana wake ni wali mweupe, kitoweo kisiguse. Nilidhani ni deko.

#18 Ustadh_Bondeni
Nimesoma kuanzia juu. Baadhi yenu mmeniuliza pembeni kama zaka inaweza kutolewa kwa utafiti, kwa hivyo nijibu wazi.

Zaka ina wenyewe. Sura ya tisa aya ya sitini imetaja mafungu manane: mafukara, maskini, wanaoitumikia, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, kukomboa watumwa, wenye madeni, njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyekatikiwa. Mzazi asiyemudu thirapi ya mwanawe anaingia kwenye maskini bila ubishi, hata kama ana nyumba ya kukaa. Utafiti ni mjadala. Wako wanachuoni wanaolipanua fungu la "njia ya Mwenyezi Mungu" likachukua maslahi ya umma, na wako wengi wanaolibana. Mimi nafuata wanaobana. Kwa hivyo zaka yako mpe mwenye shida, mkononi.

Lakini sadaka ya kawaida na wakfu ni uwanja mpana. Mombasa hii imejaa nyumba na maduka ya wakfu, tuna Tume ya Wakfu na sheria yake. Wazee wetu waliweka wakfu visima, misikiti, mashamba ya minazi ya kuwalisha wanafunzi. Sijaona kizuizi cha mtu leo kuweka duka wakfu, kodi yake iwalipe wanaojifunza maradhi ya watoto. Mali inabaki, faida inatumika. Huo si ndio huo mfuko wa Wellcome kwa umbo lingine?

#19 MkweziMnazi
Ustadh shukran. Lakini tupige hesabu. Duka la elfu ishirini kwa mwezi ni vikao vinane vya Mama Zubeda. Vinane! Utafiti utakula nini?

#20 Ustadh_Bondeni
Vikao vinane kila mwezi mpaka Kiyama, mwanangu. Usiidharau.

#21 MkweziMnazi
Hapo umenishinda.

Lakini nina langu na mtafiti yeyote anayesoma. Shangazi yangu, nyumba ya pili kutoka kwetu Mshomoroni, alijiwa na watu wa utafiti fulani. Wakampiga mtoto picha, wakachukua mate kwa kijiti, wakauliza maswali saa tatu nzima. Wakasema watarudi na majibu. Huu ni mwaka wa nne. Kila gari jeupe likisimama barabarani yeye hutoka nje. Sasa ukimwambia "utafiti", hukunja uso.

#22 KaratasiZaKilifi
Hilo naliona aibu, na nililiona pia tulipokuwa kazini, wenzetu wengine wakipita na kutoweka. Fomu ya ridhaa huwa imeandika kwamba majibu ya mtoto mmoja mmoja huenda yasitolewe, maana sampuli huchanganywa na maelfu. Ila imeandikwa ukurasa wa nne na mama anasomewa akiwa na mtoto analia mgongoni. Ni haki ya shangazi kudai nakala ya fomu yake na nambari ya kamati ya maadili iliyoandikwa pale, apige, aulize. Nambari hiyo ipo kwa kazi hiyo.

#23 Saa_Kumi_Kamili
Mimi ni mmoja wa hao mnaowazungumza. Nina miaka ishirini na saba, natengeneza simu Mji wa Kale. Sikusema mpaka nilipotimiza miaka mitano. Jina la usonji nililipata nikiwa na ishirini na mbili, baada ya kujisomea mwenyewe.

Nimesoma posti zote ishirini na mbili, mara mbili. Hakuna aliyeuliza mwenye usonji angependa pesa zitafute nini.

Autism Speaks ilikuwa na neno la kutafuta tiba ya kuuondoa usonji katika malengo yake. Watu wenye usonji walilalamika miaka mingi. John Elder Robison, ambaye ana usonji na alikuwa kwenye kamati zao, alijitoa 2013. Neno lenyewe walilitoa 2016. Uingereza 2013 walihesabu pesa za utafiti wa usonji, wakakuta asilimia 56 zimekwenda kwenye baiolojia, ubongo na namna ya kufikiri. Kisha 2016 Autistica wakashirikiana na wengine kuwauliza wenye usonji na familia zao wanataka nini kichunguzwe. La kwanza halikuwa jeni. Lilikuwa: nini kinasaidia afya ya akili ya mtu mwenye usonji.

Mimi hiyo ndiyo ningeinunulia tikiti. Jeni zangu haziniumi. Kinachoniuma ni honi za tuktuk, dukani watu watano kusema kwa pamoja, na kulala macho usiku nikirudia kila neno nililosema mchana. Hakuna mahali Mombasa nimepata mtu wa kunisaidia kwa hayo. Na msiseme "ugonjwa", tafadhali.

#24 Baba_Pacha
Ndugu yangu, nimekusoma na nakuheshimu, na nafurahi unajitegemea. Lakini niruhusu. Mwanangu hujigonga kichwa ukutani mpaka anatoka damu. Halali zaidi ya saa nne. Ana degedege juu yake. Nikikuambia kwangu ni ugonjwa na nataka uondoke, sikukusudia wewe.

#25 Saa_Kumi_Kamili
Kujigonga na degedege viondoke. Hapo tuko pamoja. Kifafa kwa wenye usonji kinahitaji utafiti, na hiyo pia imo kwenye mambo wanayoyataka wengi. Angalia anajigonga saa ngapi. Mimi ilikuwa kila feni ikiwashwa. Hakuna aliyegundua isipokuwa nyanya yangu.

#26 Baba_Pacha
Feni sikuwahi kuiwazia. Nitaangalia leo usiku.

#27 Jamaa_wa_Bara
Saa_Kumi, posti yako imenirudisha kwa yule Stephanie Shirley niliyemtaja #7. Aliletwa Uingereza 1939 akiwa mtoto mkimbizi, akajenga kampuni ya programu za kompyuta, akatajirika. Mwanawe aliacha kusema akiwa mdogo na alifariki 1998 akiwa na miaka 35. Tazama mpangilio wa sadaka zake: 1994 aliweka makazi ya watu wazima wenye usonji, 1999 akafungua shule, na 2004 ndipo akaanzisha mfuko wa utafiti. Nyumba, shule, utafiti. Alikuwa na pesa za kuanza na chochote, na akaanza na mahali pa kulala.

#28 Mwalimu_Tononoka
Mtu huyo alijua.

#29 KaratasiZaKilifi
Naafiki mpangilio, lakini msisahau yeye alikuwa nchi ambayo watafiti wengine tayari walikuwepo. Huku tukisubiri nyumba na shule zikamilike ndipo tuchunguze, tutakaa miaka hamsini tukitumia vipimo vya wengine. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu mmoja katika 127 ana usonji, hesabu ya mwaka 2021. Ya Kenya nani ameihesabu kwa ukamilifu? Bila hesabu, waziri wa fedha utamwombea msaidizi wa Mwalimu kwa takwimu gani?

#30 MamaZubeda_Kuze
Nimerudi. Samahani kwa kimya, mtoto alikuwa na homa.

Wale vijana hawakuja Jumamosi, kwa hivyo nikaenda mwenyewe mpaka ofisi iliyo kwenye tikiti. Ni chumba kimoja juu ya duka, na mama mmoja, naye ana binti mwenye usonji. Nikamuuliza kama nilivyowauliza nyinyi. Akanyamaza kidogo, akasema kweli: si utafiti. Pesa ni za kuwafunza wazazi kwa mafunzo yale ya Shirika la Afya Duniani, vikao tisa vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara tatu, mzazi anafundishwa kucheza na kusema na mtoto kwa kazi za nyumbani za kila siku. Yeye mwenyewe aliyapitia. Nikamuuliza mbona mmeandika utafiti? Akasema wakiandika "mafunzo ya wazazi" watu hawatoi, wakiandika "utafiti" maofisini wanatoa.

Nimekaa na jibu hilo siku mbili.

#31 Mwalimu_Tononoka
Basi nunua! Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mzazi mmoja aliyefunzwa ananipunguzia mwaka mzima darasani.

#32 KaratasiZaKilifi
Kazi ni njema na mafunzo nayajua, yamejaribiwa Ethiopia na huku kwetu pia. Lakini neno si sahihi na mimi siwezi kulipita. Shangazi wa Mkwezi hamwamini mtu tena kwa sababu ya neno hilo hilo. Waandike wanachofanya.

#33 Ustadh_Bondeni
Mtoaji ana haki ya kujua sadaka yake inakwenda wapi. Mama yule aambiwe kwa upole abadilishe tangazo. Kosa ni lake, na ni letu pia tunaotoa kwa maneno makubwa tu.

#34 Saa_Kumi_Kamili
Nitamtengenezea tangazo jipya bure. Mama Zubeda nitumie nambari ya ofisi kwa ujumbe wa ndani.

#35 MamaZubeda_Kuze
Nimekutumia. Tikiti nimenunua moja. Jina langu limeandikwa kikundi cha mwezi wa tano, Baba Pacha nawe nimekuandikisha na mkeo, mtanisamehe sikuwauliza. Siku ya kwanza ni Jumapili, Kibokoni.

#36 Baba_Pacha
Allah akulipe. Jumapili niko zamu ya usiku, nitakuja moja kwa moja kutoka bandarini.

Na ilikuwa feni. Si mara zote, lakini mara tatu kati ya tano.

Sasa nisaidieni jingine: kuna kinyozi anayeweza mtoto wa namna hii? Mashine ikilia tu anapanda ukuta. Nywele zimefika mabegani.

#37 Nahodha_Likoni
Yuko mzee Bondeni, karibu na msikiti, ananyoa kwa mkasi tu. Yule kijana wa wali mweupe hupelekwa kwake. Nenda asubuhi mapema kabla redio haijawashwa.

#38 Binti_Tanga
Mwambie aanze na pacha wa kike huku wa kiume akitazama. Kwa mpwa wangu ndivyo tulivyofanya.